Nyeupe Si Jina la Dawa

Katika nyumba ya fundi cherehani, kila kitu kiliitwa kwa rangi yake. Uzi ulikuwa "ule wa bluu". Mteja alikuwa "yule wa gauni jekundu". Vifungo vilikaa kwenye makopo ya maziwa ya unga, juu ya rafu. Vyeupe kopo hili, vyeusi kopo lile, vya kahawia kopo la mwisho. Mtu akitaka kifungo alitaja rangi tu, akanyoosha mkono.

Fundi mwenyewe aliitwa Baba Pacha, kwa sababu Mungu alimpa mabinti wawili kwa mpigo mmoja. Sasa mabinti hao walikuwa shule ya bweni. Mkewe, Mama Pacha, alifanya kazi pamoja naye. Mume alikata na kushona. Mke alipiga pasi, alitia vifungo, na alimsema mume. Kazi hiyo ya tatu hakuna aliyemtuma, lakini aliifanya kwa moyo wote.

Juu ya rafu palikuwa na kopo jingine. Hilo lilikuwa kopo la dawa. Mtu akiugua na kupona, vidonge vilivyobaki vilitiwa humo. Mama Pacha alivitoa kwanza kwenye karatasi zake, maana aliona karatasi zinajaza kopo bure. Kisha alivipanga kama vifungo. Vyeupe chini, vya rangi juu.

"Nyeupe ni ya maumivu," alikuwa akisema. "Kila mtu anajua."

Asubuhi moja Baba Pacha alikuwa akishona sare za wahudumu wa hoteli. Kitambaa kikamwishia. Jora jingine lilikuwa juu kabisa ya rafu. Akavuta kigoda akapanda.

"Leta ngazi," mkewe akamwambia.

"Kigoda hiki kinanijua."

"Kinakujua ulivyokuwa mwembamba. Leta ngazi!"

Baba Pacha akanyoosha mkono, akalishika jora, akalivuta. Kigoda kikamkana. Mguu mmoja wa kigoda uliteleza, na fundi akaanguka pamoja na jora lake. Aliukinga mwili kwa mkono wa kulia, na wote wawili wakasikia kitu kikilia "ka!"

Kifundo cha mkono kilipinda na kuvimba hapo hapo. Baba Pacha hakupiga kelele. Alikaa sakafuni akauma meno, jasho likimtiririka.

"Mkono wangu," alisema. "Mama Pacha, mkono wangu wa mkasi."

Mama Pacha alichanganyikiwa. Alikimbilia mlangoni, akarudi. Alishika pasi, akaiweka. Mwisho akakumbuka kopo la dawa. Akachota vidonge viwili vyeupe, akampa mumewe na maji.

"Meza. Natafuta teksi," akasema, akatoka mbio.

Huku nyuma akaingia dada mkubwa wa Baba Pacha. Yeye aliuza viatu sokoni, na siku hiyo alifuata blauzi yake. Alipomwona ndugu yake yuko chini, alitupa mkoba, kisha akauokota tena haraka. Ndani ya mkoba mlikuwa na pakiti ya vidonge vya rangi ya waridi.

"Mdogo wangu, meza hivi viwili. Hunisaidia kila mwezi."

"Hukusaidia nini?"

"Usiulize mambo ya wanawake. Meza."

Akameza. Dada akaingia ndani kutafuta kitambaa cha kuufungia mkono. Na kabla hajarudi, mlango ukajaa mtu mwingine. Huyo alikuwa kinyozi wa mlango wa pili. Watu walimwita Bingwa. Hakuna jambo duniani ambalo Bingwa hakulijua. Alijua kwa nini redio yako inakoroma na kwa nini mkeo amenuna. Kunyoa ndiko alikokuwa bado anajifunza, ukimsikiliza mteja mwenye bahati mbaya.

"Pole sana, fundi! Ngoja." Akatoa mfukoni kipande cha karatasi ya dawa, kimekatwa kwa mkasi. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya njano. "Hii ni kiboko ya mgongo wangu. Meza kimoja. Ila usimtangazie mtu, zimebaki chache."

Mtu mwenye maumivu hana ubishi. Baba Pacha akameza na hicho. Teksi ilipofika, alikuwa amekwisha kupata dawa za watu watatu, na kila mmoja alijua ya kwake tu. Mama Pacha alilibeba kopo la dawa akalitia kwenye kikapu. Hakujua atalifanyia nini hospitali, lakini kwenda mikono mitupu aliona si sawa. Dada na Bingwa nao wakajipakia kwenye teksi.

*

Chumba cha dharura kilikuwa kirefu, na mapazia yalitenga kitanda na kitanda. Kitoroli chenye gurudumu bovu kilipita kikilia. Huku mtoto alikuwa akikohoa, kule mwanamke alikuwa akitapika kwenye beseni. Mama Pacha aligeuza kichwa kila upande. Hakujua aongee na nani.

Nesi mmoja akaja. Alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Kwanza aliuweka mkono wa Baba Pacha juu ya ubao mwepesi, akaufunga taratibu, akauinua juu ya mto.

"Huku kuutuliza mkono nako ni dawa," alisema. "Mfupa usipochezacheza, maumivu hupungua. Sasa, baba, tupime maumivu yako kwa namba. Sifuri maana yake huumwi hata kidogo. Kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Wewe uko wapi?"

Baba Pacha akamtazama dada yake. Akamtazama Bingwa. Mwanamume mzima, mbele ya watu.

"Mbili," akasema.

"Mbili!" Mama Pacha akashtuka. "Nesi, andika kumi."

"Kumi ni ya mtu aliyezimia," Bingwa akasema. "Weka saba."

"Nane," dada akaongeza.

Nesi akavaa miwani yake, akawatazama mmoja mmoja. "Hii si bei ya kitambaa. Hapa hatupunguzi wala hatuongezi. Namba ni ya anayeumwa. Baba, ukisema mbili, nitakupa dawa ya mbili, na utabaki na maumivu ya nane. Jasho hili nalo ni la mbili?"

Baba Pacha akafumba macho. "Nane," alisema kwa sauti ndogo.

"Asante. Umemeza dawa yoyote?"

"Nimempa mimi," Mama Pacha akadakia. "Vyeupe viwili. Vya maumivu."

"Vyeupe vinaitwaje?"

Mama Pacha akafungua mdomo, akaufunga. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. "Vinaitwa... vyeupe," akasema.

Dada alishika mkoba wake kwa nguvu. Angesemaje habari za kila mwezi mbele ya kinyozi? Bingwa naye alipapasa mfuko wake akanyamaza. Naye Baba Pacha, kichwa kikimzunguka kwa maumivu, aliona ya nyumbani yamekwisha, sasa ni ya hospitali.

Bingwa akabadilisha mazungumzo. "Nesi, kwani ni vizuri apewe dawa kabla ya kupigwa picha ya mfupa? Nimesikia dawa huficha ugonjwa, daktari asiuone."

"Picha inaonyesha mfupa, haionyeshi maumivu," nesi akajibu. "Mfupa uliovunjika utaonekana tu, awe amelia au amecheka. Hatumwachi mtu aumie bure kwa kungoja picha."

Mama Pacha alisikia maneno hayo, naye akazidi kuchanganyikiwa. Mtaani walisema hivi, huku walisema vile.

Daktari akaja. Alikuwa kijana, na sauti ilikuwa imemkauka kwa kuuliza watu maswali tangu alfajiri. Aligusa vidole vya Baba Pacha, akamwambia avichezeshe. Kisha akauliza, "Kuna dawa inayokudhuru? Una pumu? Shida ya figo? Vidonda vya tumbo?"

Hapo Baba Pacha akamtazama tena dada yake.

Lazima niseme jambo hapa. Baba yao hao wawili alikufa kwa kidonda cha tumbo. Kilitoa damu ndani kwa ndani, na dada ndiye aliyemkuta. Tangu siku ile, dada akisikia mtu anaumwa tumbo, hali wala halali. Mwaka uliopita Baba Pacha alipimwa akaambiwa naye ana vidonda. Alitibiwa, akapata nafuu, akamwapisha mkewe. "Dada asijue. Atanililia nikiwa hai." Mama Pacha akaitunza siri hiyo.

"Sina," Baba Pacha akamjibu daktari. "Sina shida yoyote ya tumbo."

"Vizuri. Nesi, apewe sindano ya diklofenaki, kisha aende picha." Daktari akasogea kitanda cha pili.

"Hiyo ndiyo!" Bingwa akafurahi. "Sindano! Vidonge ni vya watoto."

Nesi akaanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano. Mama Pacha alisimama kama mti. Hakujua diklofenaki ni nini. Hakujua inapatana na tumbo au haipatani. Alijua kitu kimoja tu: daktari ameuliza habari ya tumbo, na amejibiwa uongo. Labda swali lile lilikuwa la kupitisha muda. Labda halikuwa. Akisema, atamwaibisha mumewe mbele ya watu na kuvunja kiapo. Atamtia wifi yake kiwewe. Akinyamaza, je? Alimtazama mumewe ampe hata ishara. Mumewe alikuwa amefumba macho.

Nesi akapangusa ngozi kwa pamba.

"Nesi, ngoja!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Hata yule mtoto wa kukohoa akanyamaza. "Ana vidonda vya tumbo. Anavyo. Alitibiwa mwaka jana. Nisamehe, Baba Pacha, lakini unavyo."

Nesi akairudisha sindano kwenye sinia. Hakugomba. Alimwita daktari tu.

Dada alikuwa ameshika mdomo. "Vidonda? Kama vya baba?" Machozi yakamtoka. "Wifi, na mimi nimempa dawa! Nimempa viwili vyangu vya... vya tumbo la mwezi!" Akasahau aibu yote, akamwaga mkoba kitandani. Pakiti ikaonekana kati ya kitana na funguo.

Daktari akaisoma. "Ibuprofeni. Kuna kingine?"

Wote wakamgeukia Bingwa, maana mtu anayejua kila kitu huwa na la kusema. Safari hii alitazama viatu vyake.

"Kimoja cha njano," alisema mwishowe. Akatoa kile kipande cha karatasi ya dawa. Mkasi ulikuwa umekata jina nusu. Daktari akakigeuza kwenye mwanga.

"Hii ni diklofenaki. Ni ile ile iliyokuwa kwenye sindano."

"Basi nilikuwa sahihi," Bingwa akasema, kisha akajuta kusema.

*

Daktari akavuta kiti akakaa. Alikuwa na kazi nyingi, lakini aliketi.

"Nisikilizeni. Ibuprofeni na diklofenaki ni ndugu wa ukoo mmoja. Ukoo huu unafanya kazi nzuri kwenye maumivu ya mfupa, ya msuli, ya jino, hata hayo ya kila mwezi. Lakini una tabia yake. Unalichokoza tumbo, na figo pia. Mtu mwenye vidonda anaweza kutoka damu. Ndugu wawili wa ukoo huu hawaitwi kwenye shughuli moja, hata kwa mtu mwenye tumbo zima. Huyu mzee wetu amekwisha kuwameza wawili. Sindano ingekuwa ya tatu."

"Lakini sindano haipiti tumboni," Mama Pacha akasema. "Inapita kwenye nyama."

"Inaingilia kwenye nyama, mama, lakini inasafiri na damu, na damu inafika tumboni. Tumbo linaathirika vilevile. Tena, kwa dawa hii, sindano haishindi sana kidonge. Mtu anayeweza kumeza hupata nafuu karibu ile ile."

Bingwa akakuna kichwa. Maisha yake yote alikuwa akiidai sindano.

"Sasa hivyo vyeupe," nesi akasema. "Tuvione."

Mama Pacha akatoa kopo, akijiona amekuja nalo kwa akili. Nesi akamimina kwenye sinia. Vikatoka vyeupe vikubwa, vyeupe vidogo, vyeupe vyenye mstari, na vingine vilivyokatika. Nesi akashika kimoja kwa vidole viwili. Kilikuwa na matundu manne.

"Hii inatibu nini?"

Mama Pacha akasogea kuangalia. "Shati," akasema.

Hata Baba Pacha alicheka, na kucheka kukamuumiza mkono.

Nesi hakuendelea kucheka. "Vipi hivi vidogo?"

"Vidogo... mama yangu alikuwa akija kukaa kwetu. Ana presha. Labda ni vyake." Alimpa mumewe vipi? Vikubwa au vidogo? Alijaribu kukumbuka mkono wake ulipochota. Hakukumbuka chochote. Mchana kweupe, na kichwa chake kilikuwa giza.

"Vilikuwa vikubwa," Baba Pacha akasema. "Kimoja kilinikwama kooni."

"Huenda ni paracetamol," nesi akasema. "Lakini 'huenda' si dawa. Tutapima presha yake mara kwa mara, ikiwa vilikuwa vya presha. Na tutahesabu kwamba paracetamol ameshapata, tusimwongezee mpaka saa sita zipite. Paracetamol haina ugomvi na tumbo. Ugomvi wake ni na ini, mtu akiizidisha. Mtu mzima huchukua vidonge viwili, anangoja, na havuki vinane kwa siku nzima, tena visivyochanganywa na dawa nyingine yenye paracetamol ndani."

"Basi hakuna dawa iliyobaki!" Mama Pacha akashika kichwa. "Hii mbaya kwa tumbo, hii tayari, hii haijulikani. Daktari, niambie kitu kimoja nielewe. Dawa kali kuliko zote ni ipi? Apewe hiyo, yaishe."

Daktari akamgeukia Baba Pacha. "Wewe ni fundi, nami niulize. Sindano bora ya cherehani ni ipi?"

Baba Pacha alijibu bila kufungua macho. "Inategemea kitambaa."

"Nikichukua ile nene ya kushonea jinzi, nikaitia kwenye hariri?"

"Utaichana."

"Na nyembamba ya hariri, nikaitia kwenye jinzi?"

"Itavunjika."

"Ndivyo zilivyo dawa za maumivu," daktari akamwambia Mama Pacha. "Tunaangalia maumivu ni makali kiasi gani, na mwili ni wa aina gani. Kwa mkono kama huu kwa mtu mwingine, huenda ningeanza na ibuprofeni na paracetamol pamoja. Hizo ni koo mbili tofauti, zinasaidiana, na watu wengi hutulia. Kwa huyu hapana. Maumivu yake ni nane na tumbo lake ni hariri. Tutampa mofini kidogo kidogo kwenye mshipa."

Mama Pacha akarudi nyuma. "Mofini? Hiyo si ya watu wanaokufa? Si watu huizoea wakaacha na kazi?"

"Wanaougua sana huipata, ndiyo. Lakini hata mtu wa mfupa huipata, akapona, akaenda zake. Tunampa kiasi kidogo, tunangoja dakika chache, tunamuuliza namba, tunaongeza ikihitajika. Inaweza kumpa usingizi, kichefuchefu, au kupunguza pumzi. Ndiyo maana nesi atakaa hapa akimwangalia. Inatolewa kwa muda mfupi, chini ya macho ya watu, kwa hiyo hofu ya kuizoea ni ndogo. Hatari ni kuichukua bila mtu wa kuangalia, au kupeana majumbani."

Mama Pacha hakuelewa yote. Lakini safari hii alijua anachokihofia, na alijua kuna mtu ameketi pale kuhakikisha hakitokei. Akakubali.

Nesi akatia dawa kwenye mshipa polepole. Akangoja. "Namba, baba?"

"Sita."

Akaongeza kidogo. Akahesabu pumzi zake. Akapima presha. "Na sasa?"

"Tatu," Baba Pacha akasema, na uso wake ukalegea. "Bado naujua mkono upo. Lakini haunipigii kelele."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Mama Pacha alikaa chini.

Picha ilionyesha mfupa umevunjika karibu na kifundo. Kabla ya kuunyoosha, walimchoma dawa ya ganzi hapo hapo, kisha wakafunga plasta. Kwa ajili ya tumbo alipewa dawa ya kulilinda. Aliangaliwa hadi jioni, na damu haikutoka. Nesi alimwonya mbele ya wote. "Ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje kesho. Rudi hapa." Nyumbani alitakiwa kutumia paracetamol peke yake, kwa saa zake, na mkono ukae juu ya mto.

Dada alikuwa amekaa pembeni ya kitanda muda wote, akiushika mkono mzima wa ndugu yake.

"Ulinificha," alisema.

"Sikutaka ulie."

"Na leo nimelia vizuri? Mimi nilitaka kukutibu, mdogo wangu. Nikakupa kitu ambacho kingenipotezea na wewe. Nikijua, nitalia siku moja. Nisipojua, nitakuua kwa mapenzi."

Baba Pacha alimbana vidole, basi.

*

Wakiwa nyumbani, kopo la dawa lilishushwa. Vidonge vyote visivyo na jina vilipelekwa duka la dawa, wakaviharibu huko. Kifungo cha matundu manne kilirudi kwa wenzake.

Baba Pacha, kwa mkono mmoja na mdomo mwingi, alimwelekeza mkewe kushona kitu kipya. Kilikuwa kitambaa kigumu cha kutundika juu ukutani, mbali na watoto, chenye mifuko ya plastiki inayoonyesha ndani. Kila dawa ilikaa kwenye mfuko wake, ndani ya pakiti yake, jina likitazama nje. Zilikuwa chache. Mama mkwe akija, dawa yake hukaa naye; akiondoka, huondoka nayo. Na mtu akiugua, mmoja tu ndiye hutoa dawa, tena anaitaja kwa sauti wengine wasikie.

Bingwa alikuja kuitazama. "Mmefungua duka?" akauliza. Lakini siku chache baadaye aliacha kukata karatasi zake kwa mkasi.

Mkono ulipona. Plasta ilipotolewa, ngozi ilikuwa imesinyaa, naye fundi alianza na mishono mirefu kama ya mwanafunzi. Baadaye vidole vikakumbuka kazi.

Miezi ikapita. Siku moja Mama Pacha alikuwa kwenye cherehani akizungumza, kama kawaida yake, macho yakiwa kwa anayezungumza naye. Sindano ikashuka juu ya kidole chake, ikapita kucha, ikavunjikia ndani. Ukelele wake ulimleta Bingwa na povu la mteja mkononi.

"Pole, shemeji! Ngoja, nina ya nj—" Akajizuia. Akatoa pakiti nzima, akaisoma herufi kwa herufi. "Nina diklofenaki. Una vidonda?"

"Sina. Lakini nimeshameza paracetamol mbili sasa hivi. Rudisha yako, jirani. Hospitali wataongeza wanachotaka."

Chumba cha dharura kilikuwa kile kile. Hata gurudumu bovu lilikuwa bado linalia. Nesi wa miwani alipowaona aliwatambua.

"Namba?"

"Saba," Mama Pacha akasema. Hakuna aliyepunguza.

"Umemeza nini?"

"Paracetamol, vidonge viwili, kabla tu ya kutoka nyumbani. Sina mzio, sina pumu, figo zangu nzima, sina mimba, umri huo ulishapita. Vidonda vya tumbo sina."

Nesi akamtazama juu ya miwani. Akampa ibuprofeni ameze pamoja na chakula kidogo, kisha daktari akakitia kidole ganzi na kukitoa kipande cha sindano.

"Mbona mume wangu alipata ile kali, mimi vidonge?" Mama Pacha aliuliza. Kisha akajijibu mwenyewe. "Inategemea kitambaa." Muda si mrefu namba yake ilikuwa mbili, na ilikuwa mbili ya kweli.

Baba Pacha alikuwa amesimama nyuma yake, na dada yake pembeni. Alikohoa kidogo.

"Mimi ninavyo," akasema kwa sauti, chumba kizima kikasikia. "Vidonda vya tumbo. Tangu mwaka juzi."

Nesi akageuka. "Sijakuuliza wewe, baba. Leo si wewe mgonjwa."

"Najua," Baba Pacha akasema, akamtazama dada yake. "Sitaki tena kungoja kuulizwa."